Mpingo na CITES: hesabu inaanzia kwenye kisiki

Kipande cha mpingo kilichopasuliwa kwa ajili ya klarineti (ala ya muziki ya kupulizwa) na klarineti yenyewe vinatoka kwenye mti mmoja, lakini mbele ya ofisa wa forodha ni vitu viwili visivyofanana. Kipande hakivuki mpaka bila kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe pori. Klarineti iliyokamilika inavuka bila kibali hicho. Hapo ndipo wauzaji wengi wanapokwama, mzigo unakaa bandarini wiki baada ya wiki na gharama za kuuhifadhi zinakula faida yote. Basi twende hatua kwa hatua, kuanzia msituni, maana ukianzia bandarini hutaelewa kwa nini kibali kinaweza kuwa halali kabisa na mti ukaendelea kuisha.

Mpingo ni Dalbergia melanoxylon, wa jamii ya mikunde, mti wa taifa wa Tanzania. Unaota kuanzia Senegal hadi Eritrea na kushuka mpaka Angola na Afrika Kusini, ila ule unaouzwa kwa ala za muziki unatoka zaidi Tanzania na Msumbiji. Wenzetu wa Msumbiji wanauita pau-preto, na wafanyabiashara wa ala wanauita grenadilla. Hauna urefu wa kutisha. Mara nyingi ni mita 5 hadi 15, una miiba, mashina mawili matatu hutoka kisiki kimoja, na shina lina mifereji na mipindo. Thamani imo ndani: ukivuka gamba na tabaka jeupe la nje unakutana na kiini cheusi chenye kuelekea zambarau, kizito kiasi cha kuzama majini. Mita moja ya ujazo ina kilo 1,200 hadi 1,300. Kina mafuta yake, hakinywi maji haraka, na kinashika skrubu na tundu safi mithili ya chuma. Ndiyo maana klarineti, obo, pikolo na filimbi za mfuko za Uskoti zinatengenezwa kwacho, na ndiyo maana Wamakonde wanakichonga.

Kufikia unene wa kuvunwa kunakadiriwa kuchukua miaka 70 hadi 100. Sheria ya Tanzania imeweka kipenyo cha chini kuwa sm 24, kinachopimwa usawa wa kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini. Wapo wanaokiona kipimo hicho kama usumbufu wa maofisa tu. Hebu tazama sehemu ya chini ya klarineti, ile iliyopanuka kama kengele. Mdomo wake una upana wa karibu sm 8. Kipande cha kuichonga kinahitaji kama sm 8.5 za kiini safi, tena kisiguse kitovu cha mti, kwa kuwa kitovu kikiwemo kipande hupasuka kinapokauka. Kwa hiyo unahitaji sm 8.5 upande mmoja wa kitovu, ongeza tabaka jeupe, ongeza gamba, kisha zidisha kwa mbili kupata upana wa mti mzima. Utajikuta kwenye sm 21, 22 au zaidi, na hapo tumechukulia kwamba mti ni mduara kamili, jambo ambalo mpingo haujui. Mti wa sm 18 ukikatwa hautoi kengele ya klarineti hata moja. Umekufa bure.

Jinsi mpingo ulivyoingia kwenye orodha

CITES ni mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea pori walio hatarini kutoweka. Ulitiwa saini Washington mwaka 1973 na kuanza kazi mwaka 1975. Kiambatisho cha I ni cha spishi ambazo biashara yake ya kimataifa imefungwa, isipokuwa kwa sababu maalumu. Kiambatisho cha II ni cha spishi zinazoruhusiwa kuuzwa kwa kibali. Mpingo upo Kiambatisho cha II. Hili lisemwe kwa sauti, kwa sababu bado wapo wanunuzi wanaodai kwamba mpingo "umepigwa marufuku" duniani, na wengine wanalitumia neno hilo kumshusha bei mwanakijiji.

Uliingia pamoja na jamaa zake. Katika mkutano wa 17 wa nchi wanachama, uliofanyika Johannesburg mwaka 2016, jenasi nzima ya Dalbergia iliwekwa Kiambatisho cha II, isipokuwa Dalbergia nigra ya Brazil ambayo tayari ilikuwa Kiambatisho cha I tangu 1992. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizowasilisha pendekezo hilo, pamoja na Argentina, Brazil na Guatemala. Uamuzi ulianza kutumika tarehe 2 Januari 2017, na tarehe hiyo tutairudia.

Kwa nini jenasi nzima? Msukumo mkubwa ulitoka kwenye samani nyekundu na nyeusi za kifahari za China, zinazoitwa hongmu. Kiwango cha taifa cha China cha mwaka 2000 kinataja kwa majina spishi zinazostahili kuitwa hongmu, na mpingo wetu umo. Spishi za Asia zilipoanza kuisha, wanunuzi walihamia Afrika na Amerika ya Kati. Ofisa wa forodha akishika ubao uliokwisha kupasuliwa hawezi kwa macho kutenganisha Dalbergia moja na nyingine, na mkataba unaruhusu spishi kuorodheshwa kwa sababu hiyo ya kufanana. Kwa maoni yangu ulikuwa uamuzi sahihi. Kuorodhesha moja moja kungekuwa kumkimbiza mwizi chumba kwa chumba huku milango yote iko wazi.

Ila masharti ya kwanza yalikuwa mazito mahali pasipostahili. Kati ya Januari 2017 na Novemba 2019, karibu kila kitu chenye Dalbergia kilichouzwa nje ya nchi kilihitaji kibali, hata gitaa lenye kibao chembamba cha kushikia nyuzi. Ofisi za vibali zilizidiwa na karatasi za ala ambazo mbao yake haifiki kilo moja. Mkutano wa 18, Geneva, Agosti 2019, ulirekebisha dokezo namba 15, ambalo ndilo linaloeleza nini kinabanwa na nini kimeachiwa. Marekebisho yalianza tarehe 26 Novemba 2019.

Kwa mpingo, sasa hivi yaliyoachiwa ni haya: majani, maua, chavua, matunda na mbegu, ala za muziki zilizokamilika, sehemu zake zilizokamilika na vifaa vyake vilivyokamilika, na bidhaa nyingine zilizokamilika ambazo mbao yake ya spishi husika haizidi kilo 10 kwa shehena. Yote yaliyobaki yanahitaji kibali: magogo, mbao, vipande, hata vumbi ukitaka kuliuza.

Neno "iliyokamilika" ndilo lenye mtego. Ala iliyokamilika ni ile iliyo tayari kupigwa, au inayosubiri tu kufungwa sehemu zake ili ipigike. Sehemu iliyokamilika ni ile iliyo tayari kufungwa kwenye ala, na imechongwa kwa umbo la kazi hiyo moja tu. Kipande cha mraba cha mpingo chenye ncha zilizochovywa nta si sehemu iliyokamilika, hata kama kila mtu kiwandani anajua kitakuwa klarineti. Kipande kilichozungushwa kwenye mashine na kutobolewa katikati nacho bado, maana kinahitaji kukaushwa, kuchongwa tena na kutobolewa matundu ya vidole. Tanzania inauza kwa wingi vipande vya namna hiyo. Kwa hiyo msamaha wa 2019 umewafaa wapiga muziki na wenye viwanda vya Ulaya na Asia. Mwenye kinu cha kupasua mbao wa Kilwa au Mtwara bado anahitaji kibali kwa kila mzigo. Siku vipande vitakapokamilishwa hapa hapa nchini, mlango utakuwa wazi kwake pia.

Kilo 10 ni kiasi gani?

Mpingo wa kilo 10 ni mchemraba wa sm 20 kila upande. Si mkubwa hata kidogo. Chukua kinyago cha mtindo wa ujamaa, urefu mita 1, kilichotoka kwenye gogo la kipenyo sm 20. Gogo hilo kabla ya kuguswa lina mita za ujazo 0.031, yaani kilo 39 hivi. Hata mchongaji akiondoa nusu, kinabaki karibu kilo 20. Kinyago hicho kinahitaji kibali cha CITES kabla hakijapanda ndege. Mtalii anayenunua vijiko, bakora au sanamu ndogo ya kilo 2 pale Mwenge hakihitaji.

Kinachopimwa ni mbao ya mpingo iliyomo kwenye bidhaa. Sanduku, kitambaa, chuma na boksi la kufungia havihesabiwi. Mbao za spishi mbili tofauti hazijumlishwi kwenye kilo 10 moja, kila spishi inahesabiwa peke yake. "Shehena" ni mzigo wote ulio chini ya hati moja ya meli au ya ndege, au kile alichobeba msafiri mwenyewe mwilini na kwenye mizigo yake. Muuzaji anayegawa mzigo mmoja wa kilo 60 kwenye vifurushi sita vya mnunuzi yuleyule, siku ileile, anajitafutia kesi. Na mchongaji anayeuza kwa mtalii aandike risiti yenye jina Dalbergia melanoxylon, uzito na tarehe. Inachukua dakika moja, na inamwokoa mteja anaposimamishwa uwanja wa ndege wa nchi yake.

Maswali mawili ya kibali

Kibali cha kusafirisha nje kinatolewa na mamlaka ya usimamizi ya nchi mbao ilikotoka. Tanzania ofisi hiyo iko chini ya wizara yenye dhamana ya maliasili, Kenya ni Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS. Ofisi hiyo inatakiwa iridhike na mambo mawili. La kwanza, mbao imepatikana kihalali. La pili, na hili linajibiwa na mamlaka ya kisayansi, mavuno hayo hayatadhuru uhai wa spishi pale inapoota.

Swali la pili ndilo moyo wa mkataba wote. Kibali hakilindi mti. Mti unalindwa na hesabu iliyo nyuma ya kibali, na hesabu hiyo ikiwa mbovu, muhuri unahalalisha tu uharibifu. Nitatumia tarakimu za mfano ili hesabu ionekane, si za msitu wowote halisi.

Kijiji kina msitu wa hekta 5,000. Kamati imepita kwenye viwanja vya sampuli na kupata wastani wa miti 2 kwa hekta yenye sm 24 au zaidi, jumla 10,000. Ikigongwa na kukaguliwa, asilimia 60 ni mizima na iliyobaki imeoza kiini au ina jeraha kubwa la moto. Inabaki 6,000. Asilimia 30 iachwe kama miti ya mbegu, inabaki 4,200. Tuseme mti unanenepa mm 3 kwa mwaka. Mti wa sm 18 utahitaji miaka 20 kufikia sm 24. Ukigawa 4,200 kwa miaka 20 unapata miti 210 kwa mwaka, na wengi wanaishia hapo, wanaandika 210, wanafunga daftari.

Hapo ndipo kosa lilipo. Lazima uulize: katika miaka hiyo 20, ni miti mingapi itaingia kuziba pengo? Tuseme kundi la sm 18 hadi 24 lina mti 1 kwa hekta, yaani 5,000, na nusu yake itakufa kwa moto, ukame au shoka. Wanaoingia ni 2,500, sawa na 125 kwa mwaka, na kati yao tena asilimia 60 tu ndiyo mizima, yaani 75. Kiwango cha kuvuna ni 75. Tofauti kati ya 210 na 75 ni mtaji wa wajukuu unaoliwa na kuandikwa kama mavuno ya mwaka.

Kosa la pili ni kubwa zaidi na linajificha vizuri. Gogo la mpingo lenye kipenyo cha sm 26 katikati na urefu wa mita 1.5 lina ujazo huu: 0.26 × 0.26 × 0.7854 × 1.5, yaani karibu mita za ujazo 0.08, uzito kama kilo 100. Likipita kwenye msumeno, kinachotoka kikiwa kipande kinachofaa ala ni karibu asilimia 9. Tisa! Kinachobaki ni tabaka jeupe, nyufa, vifundo, nyuzi zilizopinda na kiini kilichooza. Kwa hiyo mita 1 ya ujazo ya vipande imekula kama mita 11 za magogo. Kibali kinachosema mita 10 za ujazo za vipande kinasimama juu ya mita 110 za magogo, ambayo ni magogo zaidi ya 1,300 ya ukubwa tuliotaja. Mamlaka ikilinganisha kiasi kilichosafirishwa na kiwango cha kuvuna bila kugeuza vipande kuwa magogo, msitu utaonekana haujaguswa huku umekwisha.

Kwa sababu hiyo kila kinu kiwe na kitabu cha kuingia na kutoka: namba ya gogo, ujazo wake, tarehe ya kupasuliwa, vipande vilivyotoka na ujazo wao. Asilimia ikiwa 9 au 12, inaaminika. Kinu kinachoonyesha asilimia 30 ya vipande vya klarineti hakijagundua msumeno mpya. Kuna magogo yaliyoingia bila kuandikwa. Mkaguzi mwenye kalamu na kikokotoo anaweza kuligundua hilo bila kutoka ofisini.

Mabaki nayo yasitupwe ovyo. Gogo lililopinda lisilotoa hata kipande kimoja cha ala linaweza kumlisha mchongaji miezi miwili, kwa sababu yeye anafuata umbo la mti, ufa anaugeuza mkunjo wa nguo, na tabaka jeupe analifanya nywele.

Njia ya karatasi, kutoka kisiki hadi meli

Mfanyabiashara anaanza kwa kusajiliwa kama mfanyabiashara wa mazao ya misitu. Kisha inakuja leseni ya kuvuna, yenye eneo, spishi na kiasi. Kwenye msitu wa hifadhi ya kijiji, kamati ya maliasili inaichagua miti na kuitia alama kabla ya msumeno kuwasha. Mti uliokatwa unapimwa pale pale, gogo kwa gogo, na namba inaandikwa kwenye gogo na kwenye kisiki chake. Mrabaha unalipwa, nyundo inagongwa. Nyundo ni ile alama ya chuma inayoacha chapa kwenye ncha ya gogo. Gogo lisilo na chapa ni la wizi mpaka mwenye nalo athibitishe vinginevyo. Mzigo ukitoka unafuatana na hati ya kusafirisha mazao ya misitu, inayoonyesha idadi, ujazo, gari, njia na muda wa safari. Kwa miaka mingi mazao ya misitu yalikatazwa kusafirishwa usiku, kati ya saa 12 jioni na saa 12 asubuhi. Na gogo zima haliruhusiwi kuuzwa nje ya Tanzania: lazima lipasuliwe nchini.

Karatasi hizo zote, kuanzia leseni na risiti za mrabaha hadi hati za kusafirisha na kitabu cha kinu, ndizo zinazojibu swali la kwanza la CITES. Ombi lisilo nazo halina miguu. Kibali kikitoka kina uhai wa miezi 6, na mzigo lazima ufike na kuonyeshwa forodhani huko uendako kikiwa hai. Mwenye kuomba mapema mno, kabla vipande havijakauka wala kontena halijapatikana, anaona kibali kikifa baharini. Omba wakati mzigo umekwisha kupangwa kwenye mafungu yake na umepimwa.

Kwa mnunuzi wa Umoja wa Ulaya kuna hatua ya ziada. Kanuni zao zinamtaka apate kibali cha kuingiza kutoka nchi yake kabla mzigo haujafika mpakani, na wataalamu wao wanaweza kukikataa kama hawaridhiki na hesabu za nchi ya asili. Mpe mnunuzi nakala ya kibali chako mara kinapotoka, na usipakie kabla hajakujibu. Marekani inadai tamko la mimea chini ya sheria ya Lacey iliyorekebishwa 2008, lenye jina la kisayansi, nchi ya uvunaji, thamani na kiasi. Cheti cha afya ya mimea ni jambo jingine kabisa. Hakichukui nafasi ya CITES, wala CITES haichukui nafasi yake.

Mahali mambo yanapoharibika

Jina. Kwa Kiingereza mpingo mara nyingi unaitwa ebony, lakini ebony halisi ni jenasi Diospyros, mti mwingine kabisa, na zaidi ya ile ya Madagascar haimo kwenye orodha ya CITES. Ankara ikisema ebony na kibali kikasema Dalbergia melanoxylon, forodha inaona vitu viwili. Yupo pia anayeandika Diospyros makusudi ili akwepe kibali. Darubini ikionyesha mishipa ya mbao, amekwisha. Andika jina la kisayansi kwenye ankara, orodha ya mzigo, hati ya meli na kibali, herufi kwa herufi.

Kipimo. Mbao na vipande vinaandikwa kwa mita za ujazo, vinyago kwa kilo. Anayeomba kwa kilo na kupakia kwa mita anamlazimisha ofisa akisie uzito wa mbao, na ofisa hakisii, anazuia.

Muhuri wa kutokea. Kibali kina nafasi ambapo forodha ya bandari ya kutokea inaandika kiasi kilichopakiwa hasa, tarehe na muhuri, na pana nafasi ya namba ya hati ya meli. Ikiachwa tupu, kibali chenyewe kizuri kinakataliwa upande wa pili. Wakala wa forodha akuonyeshe nakala iliyopigwa muhuri kabla meli haijang'oa nanga. Kibali cha kuombwa baada ya mzigo kuondoka hakipatikani, isipokuwa kwa nadra sana.

Nchi ya asili. Mto Ruvuma wa mpakani una vivuko vingi, na mpingo wa Msumbiji ukiingia Tanzania haubadiliki kuwa wa Tanzania kwa kupita kwenye kinu. Ukiuzwa tena nje unahitaji cheti cha kusafirisha upya, chenye namba na tarehe ya kibali cha Msumbiji. Bila hicho mzigo hauna asili, na hesabu za misitu ya nchi zote mbili zinakuwa uongo.

Akiba ya zamani. Mbao iliyopatikana kabla ya tarehe 2 Januari 2017 inaweza kupata cheti cha kuwa ya kabla ya mkataba. Ushahidi unatakiwa uwe wa tarehe: ankara, risiti za mrabaha, kitabu cha akiba kilichokaguliwa. Neno la mdomo kwamba "hii iko hapa tangu babu" halina uzito. Kila mwaka unaopita dai hilo linazidi kuwa gumu kuaminika, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Kwa wenye kushughulika na mbao nyingine, msidhani hili ni la mpingo pekee. Mkutano wa 19, Panama, 2022, uliweka mninga, mkongo na mkangazi wa Afrika kwenye Kiambatisho cha II pamoja na jenasi zao, kuanzia Februari 2023. Dokezo lao ni tofauti: linabana magogo, mbao zilizopasuliwa, veneya, plaiwudi na mbao iliyobadilishwa umbo kiwandani. Kitanda cha mninga kilichokamilika hakimo. Mbao zake zimo.

Kisichofikiwa na kibali

Mwaka 2007 TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea pori, lilichapisha utafiti wa misitu ya kusini mwa Tanzania, likakuta kwamba serikali kuu na za wilaya zilipoteza hadi asilimia 96 ya mapato ambayo zingestahili kupata kutokana na mbao. Mwanakijiji aliyekuwa anaishi katikati ya mpingo hakuwa na sababu hata moja ya kuutunza. Hapo ndipo kazi ya shirika la Mpingo Conservation and Development Initiative la Kilwa ilipobadilisha hesabu: vijiji vikamilikishwa misitu yao kisheria, vikafundishwa kupima na kupanga viwango, na mwaka 2009 vikapata cheti cha FSC (baraza la kimataifa linalothibitisha misitu inayosimamiwa vizuri), cha kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii. Kijiji chenye kiwango chake, nyundo na daftari kinaipa mamlaka ya kisayansi kitu cha kusoma. Na kinalinda, kwa sababu kinauza.

Shamba ndilo adui asiyehitaji kibali. Kusini msitu unafyekwa kwa ajili ya ufuta, na mpingo uliosimama hapo unachomwa pamoja na magugu au unaingia tanuri la mkaa. Hakuna ofisa wa CITES atakayeona mti huo. Kupanda nako kunasaidia. Marehemu Sebastian Chuwa wa Moshi alitumia miaka yake kuotesha mpingo na kuugawa kwa shule na vikundi, na mbao ya shamba la spishi moja inahesabiwa na CITES kuwa imeoteshwa na binadamu, ingawa bado inahitaji karatasi. Lakini mche wa leo ni klarineti ya mwaka 2100. Miti itakayozibia pengo la miaka 20 ijayo tayari imesimama porini, na kinachoiua zaidi ni moto.

Mpingo mchanga ukiungua mwaka huu unachipua tena kutoka mizizini, mwakani unaungua tena, na unaweza kukaa hivyo miaka mingi bila kuvuka urefu wa kiuno. Mti mkubwa unapona, ila jeraha la moto kwenye shina linafungua njia ya kuoza, na mti huo utakuwa kwenye ile asilimia 40 inayotupwa wakati wa kuhesabu. Dawa yake inajulikana: choma mapema, Mei hadi Juni, mara mvua zinapoisha na majani yangali na unyevu, jioni upepo ukitulia, vipande vidogo vidogo vilivyozungukwa na njia zilizofyekwa. Moto huo ni wa chini, unakula nyasi na kuacha mashina. Ukisubiri Septemba au Oktoba, nyasi ni kavu, zimefika mabegani, na moto unaokuja kutoka shamba la jirani unapanda hadi matawini.